Kwa nini gredienti (rangi inayofifia taratibu) inatoka na mistari ikiprintiwa wakati kwenye skrini imetulia?

Swali: "Kaka naomba msaada. Nimetengeneza bango la A1, bakgraundi ni bluu iliyokolea juu halafu inafifia taratibu kushuka chini. Kwenye skrini iko laini kabisa. Limeprintiwa limetoka na mistari ya kulala, kila mmoja kama upana wa kidole, utadhani ngazi. Aliyeprinti anasema faili langu baya, mi nasema mashine yake ndo mbovu. Nani yuko sahihi?"

Dada yangu, pole kwanza. Huu ugomvi naujua vizuri sana maana kazi yangu ni kuandaa mafaili kabla hayajaingia mashineni, na kila wiki kuna mtu anakuja ameshika karatasi ameikunja kwa hasira. Kwa ulivyoeleza mi naegemea kwenye faili, ila sio kwa sababu umekosea kudizaini, na kuna kipimo nitakupa hapo chini ili usiniamini kwa maneno tu. Kilichonifanya niegemee huko ni hayo maneno yako matatu, upana wa kidole. Umenipa kipimo bila kujua.

Tuanze na kitu ambacho wadizaina wengi hawajawahi kuambiwa: printa haina bluu hafifu. Ina wino wa sayani (bluu inayoelekea kijani), wa majenta (nyekundu inayoelekea zambarau), wa njano na mweusi, basi, na kila wino una ukolezi wake uleule siku zote. Skrini ikitaka bluu hafifu inaongeza tu mwanga, kila pikseli inawaka inavyotakiwa. Printa yenyewe kila sehemu ya karatasi ina majibu mawili, wino umedondoka au haujadondoka, hakuna nusu. (Printa za matone zinaweza kudondosha tone dogo, la kati na kubwa, na nyingine zina wino wa ziada wa sayani hafifu na majenta hafifu, hiyo inasaidia sana, ila kanuni inabaki ileile.) Sasa bluu hafifu unayoiona kwenye karatasi inatoka wapi? Inatoka kwenye karatasi yenyewe. Printa inaweka vidoti vidogo vya wino uleule uliokolea, inaacha weupe katikati, jicho likiwa mbali linachanganya.

Hebu fanya hivi leo: chukua gazeti au jarida lenye picha ya anga, weka kioo cha kukuzia, au simu yako kama kamera yake inaona vitu vya karibu. Anza pale anga lilipokolea. Utaona wino umejaa karibu wote, kilichobaki ni vitundu vyeupe vidogo kama ungo. Shuka taratibu, vitundu vinapanuka mpaka unafika katikati ambapo wino na weupe viko sawa kwa sawa, kwa vidoti vya aina nyingine panafanana kabisa na bao la drafti. Endelea kushuka, sasa ni vidoti vya wino ndo viko peke yake kwenye weupe, vinazidi kuwa vidogo mpaka vinapotea. Hapo umeona gredienti nzima ilivyojengwa, na hakuna mahali hata pamoja ambapo wino wenyewe ulififia. Ujanja huu ni wa zamani sana, gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha kwa mtindo huu mwaka 1880, na mpaka leo hatujaukimbia.

Sasa tatizo linaanzia hapa. Kidoti kimoja unachokiona kwenye kioo sio tone moja, ni kijumba kidogo chenye vichumba, na mashine inajaza vichumba kadhaa kulingana na ukolezi unaotakiwa. Mashine inayotengeneza pleti za ofseti (mabati ya kuchapia kwenye mashine kubwa) ikiwa na 2400 dpi, yaani vichumba 2400 kwa kila inchi, na vidoti vimepangwa mistari 150 kwa inchi kama kazi nyingi nzuri za ofseti, basi 2400 gawanya kwa 150 unapata 16, kijumba kina vichumba 16 kwa 16 yaani 256, ukiongeza na ile hali ya kuwa mtupu unapata ngazi 257 kutoka weupe mpaka wino kamili. Hapo uko vizuri. Sasa chukua printa ya leza ya 600 dpi ukiitaka ipange vidoti mistari 100 kwa inchi: 6 kwa 6, vichumba 36, ngazi 37. Thelathini na saba tu! Ukitaka ngazi ziongezeke inabidi vijumba viwe vikubwa, na vikiwa vikubwa macho yanaanza kuona chengachenga. Ukitaka chenga zipotee unafanya vijumba vidogo, ngazi zinapungua na mistari inajitokeza. Unavuta huku kunafupika kule. Mashine nyingi za siku hizi zinakwepa hili kwa kutawanya vidoti bila kufuata gridi, na kosa la kichumba kimoja, yaani tofauti kati ya ukolezi uliotakiwa na uliowekwa, linasukumwa kwa majirani zake, njia ambayo watafiti Floyd na Steinberg waliitoa mwaka 1976 na bado iko ndani ya printa kibao kwa sura tofautitofauti. Inasaidia, ila haiwezi kurudisha kitu ambacho faili halikuwa nacho.

Na faili lako halikuwa nacho. Turudi kwenye kidole chako.

Picha ya kawaida ina biti 8 kwa kila chaneli (kila rangi ya msingi), yaani ngazi 256 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Lakini wewe hukutoka mwisho mmoja hadi mwingine, umesema bluu inafifia taratibu. Tuseme sayani yako inatoka asilimia 70 kwenda 50, hiyo ni asilimia 20 tu ya safari, na asilimia 20 ya 256 ni kama ngazi 51. A1 ina urefu wa milimita 841. Gawanya 841 kwa 51 unapata milimita 16 na nusu kwa kila ngazi. Weka kidole gumba chako hapo. Umeona? Hiyo mistari haikutengenezwa na mashine, ni hesabu, kila mstari ni ngazi moja ambayo imetandazwa mpaka ikawa pana kiasi cha jicho kuikamata. Kama majenta nayo inabadilika kwa kasi yake tofauti basi ngazi zinapishana na mambo yanakuwa nafuu kidogo, ila umbo la tatizo ni hilo: mteremko mdogo wa rangi kwenye umbali mrefu. Gredienti hiyohiyo ukiiweka kwenye kadi ya biashara hakuna mtu ataona chochote, kwa sababu ngazi 51 zimebanwa kwenye sentimita chache.

Najua utaniuliza, mbona kwenye skrini sikuiona na ngazi ni zilezile? Kwanza bango la A1 kwenye skrini unalitazama limesinyaa, ngazi zako zimebanana. Pili, tofauti ya ngazi moja kati ya 256 kwa kweli ni ndogo mno, ikiachwa ilivyo hata kwenye karatasi wengi wasingeiona. Shida ni kwamba haiachwi ilivyo. Faili linatoka RGB (rangi za mwanga wa skrini) linaingia CMYK (zile wino nne), namba zinakadiriwa kwenda namba kamili, halafu kuna mkunjo wa kurekebisha mashine, namba zinakadiriwa tena, na kila zikikadiriwa kuna ngazi mbili zinaungana kuwa moja na jirani yake inabidi iruke mbili kwa mkupuo. Ukimaliza huna tena ngazi 51 zilizo sawa, una labda 35 zisizolingana, nyingine ndefu nyingine fupi, na hizo zinazoruka ndo zinaonekana.

Af jicho nalo linaongeza chumvi. Mwanafizikia Ernst Mach alilieleza hili mwaka 1865: rangi mbili zinazokaribiana zikikutana kwenye ukingo ulionyooka, jicho linaufanya upande wa giza uonekane giza zaidi pale pale ukingoni na upande wa mwanga uonekane mwanga zaidi. Ndo maana ukitazama bango lako unaona kama kuna uzi mwembamba ung'avu kati ya mstari na mstari wakati ukiweka kioo huo uzi haupo. Sisi binadamu tumeumbwa kutafuta kingo. Kumbuka hili maana dawa yake inatokana na hapo hapo.

Kuna kazi moja sitaisahau, kalenda ya ukutani yenye picha kubwa ya anga la jioni. Ilitoka na mistari kwenye sehemu ya rangi ya chungwa. Tukasafisha mashine, tukabadilisha pleti, nusu siku ikaisha, mistari iko palepale, haikusogea hata milimita. Hapo ndo tulipofungua faili na kuangalia histogramu, ile grafu inayoonyesha kila ngazi ya rangi ina pikseli ngapi. Badala ya kilima kilichojaa ilikuwa kama kitana kilichong'oka meno, mwiba mmoja mrefu, pengo, mwiba, pengo. Mtu alikuwa amevuta mwanga na kontrasti mara kadhaa kwenye picha ya biti 8 iliyoshahifadhiwa kama JPEG, ngazi zote za katikati zilishakufa kabla sisi hatujaipokea. Roho iliniuma kwa ile karatasi iliyopotea, na tangu siku hiyo histogramu ndo kitu cha kwanza naangalia mtu akiniletea anga, ukuta mtupu au ngozi ya mtu kwa karibu. Fungua yako pia uone. Mapengo yakionekana, dalili ya kwanza ya kosa umeshaipata.

Sasa kile kipimo nilichokuahidi, ambacho kinamaliza ubishi kati yako na aliyeprinti bila mtu kupandisha sauti. Kata kipande cha gredienti yako, tuseme upana wa sentimita 10 na urefu wa 40, usikisinyaze. Kiweke kwenye ukurasa mara mbili, kimoja kimesimama kimoja umekilaza kwa digrii 90. Pembeni yake weka boksi la rangi moja tu isiyobadilika, sayani asilimia 40 inatosha. Printi kwa mashine ileile na karatasi ileile. Kama kwenye kile kilicholala mistari nayo imegeuka ikafuata gredienti, kosa liko kwenye faili au kwenye zile hesabu za njiani. Kama mistari imekataa kugeuka, vipande vyote viwili vina mistari inayoelekea upande mmoja wa karatasi, na hata lile boksi la rangi moja lina michirizi, basi huo ni ugonjwa wa mashine, kwa sababu rangi moja haina ngazi, haina sababu yoyote ya kuwa na mstari.

Ikiwa ni mashine, kwa printa ya matone michirizi inafuata njia ya hedi (kichwa kinachodondosha wino) inavyokwenda na kurudi, na inajirudia kwa umbali ulio sawa. Mara nyingi ni nozo (vitundu vya kutolea wino) zimeziba, au karatasi inavutwa kidogo zaidi au kidogo pungufu ya inavyotakiwa, kwa hiyo kila pasi (safari moja ya hedi) inaacha uwazi mwembamba au inapandana na iliyotangulia. Aliyeprinti aprinti ukurasa wa kukagua nozo, arekebishe uvutaji wa karatasi, aongeze idadi ya pasi na azime ile ya kuprinti kwenda na kurudi, itachukua muda mrefu zaidi ila itatulia. Kwa leza, pima umbali kati ya alama na alama, ikiwa unajirudia vilevile basi kuna rola au dramu yenye mzunguko wa urefu huohuo na ndo mwenye kosa.

Kuna mengine yanayoharibu gredienti bila hata kuleta ngazi, na kwako wewe bluu yanakuhusu. Bluu ya skrini ile inayong'aa haimo kabisa kwenye wino, CMYK haiifikii. Programu inapobadilisha inaweza kufanya moja kati ya mawili, kuusinyaza mteremko wote ili uingie kwa uwiano, au kukata kila kilichozidi na kukibandika ukingoni. Ikikata, sehemu yote ya juu ya bango lako ambayo ilikuwa na bluu ishirini tofauti inakuwa bluu moja bapa, halafu ghafla mteremko unaanza, na hapo unapoanzia panaonekana kama mstari. Kwa hiyo ukibadilisha chagua ile njia ya kusinyaza, ile ya pasepcho. Na angalia namba: majenta ikisogelea sayani bluu inageuka zambarau, sisi tunaacha pengo la kama asilimia 30 kati yake, na pengo hilo lilindwe njia nzima ya gredienti, sio juu tu, maana nimeona nyingi zinaanza bluu zinafika katikati zimekuwa urujuani halafu zinarudi bluu.

Halafu miisho. Ukitaka kufifia mpaka weupe mtupu, jua kwamba kidoti kina udogo wake wa mwisho, kwenye ofseti ni asilimia 2 au 3 hivi, chini ya hapo pleti haikishiki vizuri. Kwa hiyo gredienti haiyeyuki, inafika mahali inakatika. Kwenye fleksografia, zile mashine za kuchapa mifuko na vifungashio, ni kali zaidi, ukingo unaonekana wazi. Upande wa giza nako vitundu vyeupe vinaziba kuanzia kama asilimia 95, ukitegemea tofauti ya 96 na 99 hutaiona. Katikati nako wino unatanuka, unakandamizwa unasambaa, na mwanga unaoingia kwenye karatasi pembeni ya kidoti unanasa chini yake, kwa hiyo 50 uliyoandika inatoka 60 na kitu, na karatasi isiyo na mipako inakunywa zaidi. Ndo maana mashine isiyosetiwa inafanya gredienti ionekane imeng'ang'ania giza kwa muda mrefu halafu inaporomoka haraka kuelekea weupe. Na pale vidoti vinapogusana kwa mara ya kwanza, vile vya mraba kwenye asilimia 50 kona zote nne zinashikana kwa pamoja, kuna kamruko ka rangi unakoweza kukaona kama umezoea. Vidoti vya umbo la yai vilibuniwa kupunguza hilo, vinashikana upande mmoja kwanza ndo baadaye upande wa pili.

Haya, bango lako tulifanyeje. Usiongeze rezolusheni, watu wengi wanakimbilia hapo na haisaidii chochote, ngazi 51 kwenye 300 dpi ni ngazi 51 zilezile. Itengeneze gredienti upya kwenye faili la biti 16, usiibadilishe ile ya zamani kwenda biti 16 kwa sababu ngazi zilizokufa hazifufuki. Kama dizaini inaruhusu ongeza mteremko, badala ya 70 kwenda 50 fanya 85 kwenda 35, ngazi zinakuwa 128 na kila moja inashuka mpaka milimita 6 na nusu. Kisha weka noizi (punje za rangi zilizotawanyika bila mpangilio), asilimia 1 mpaka 2, kwenye ukubwa wa mwisho wa bango, na iwe ndo kitu cha mwisho kabla ya kurudi biti 8. Najua mdizaina anaumia kuambiwa achafue kazi yake, mi mwenyewe nililikataa hili wazo kwa muda mrefu, ila noizi inavunja zile kingo zilizonyooka ambazo jicho linazitafuta. Pikseli za ngazi hii zinavuka mpaka zinaingia ngazi ile, ukingo unakuwa msitu badala ya ukuta, na jicho halina pa kushika. Ukikaribia sana utaona punje kidogo kama mchanga laini, ukisimama mahali mtu anaposimama kusoma bango hutaona kitu.

Hifadhi kwa TIFF au PDF isiyobana picha kwa JPEG, kwa sababu JPEG inaikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kitu cha kwanza kutupwa ni zile tofauti ndogondogo, yaani noizi yako yote uliyoiweka kwa makusudi. Ubadilishaji kwenda CMYK ufanye mara moja tu, kwa profaili (faili la maelezo ya rangi) ya mashine na karatasi itakayotumika, muulize aliyeprinti akupe. Usiende na kurudi RGB na CMYK, kila safari inakula ngazi.

Usiprinti bango zima kwanza. Printi vile vipande viwili na boksi lake, gredienti ya zamani na mpya ukurasa mmoja, mwite na aliyeprinti mtazame pamoja kwa umbali wa mita moja na nusu hivi. Kisha niandikie mistari ya kile kipande kilicholala imeelekea wapi, na lile boksi la sayani 40 limetokaje.